Nani Ameshika Kamba? Vita za Maniema katika Sanamu na Tablo

Katika nyumba ya makumbusho ya Tervuren, kule Ubelgiji, kuna sanamu moja ambayo mtu wa Kasongo anapaswa kuijua, hata kama hatafika kule maisha yake yote. Aliitengeneza Mbelgiji mmoja, Charles Samuel, mwaka wa 1897, mwaka ule ule Mfalme Leopold II alipofanya maonyesho makubwa ya Kongo pale Tervuren. Jina lake la Kifaransa tunaweza kulisema hivi kwa lugha yetu: Mkusu-Mtetela anamkinga mwanamke asichukuliwe na Mwarabu. Ni watu watatu tu. Mwarabu ni adui, mwanamke ni mali inayogombaniwa, Mkusu ni shujaa. Mtazamaji wa Ulaya hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alirudi nyumbani akijua kwamba vita ile ilikuwa ya haki.

Basi tuulize: Mkusu huyo ni nani? Kwa mwalimu wa Ubelgiji hilo ni swali la vitabu, lakini hapa kwetu ni swali la ukoo. Watu walioitwa Wakusu ni ndugu za Watetela, wale waliokaa pamoja na Waungwana wa Tippu Tip upande wetu wa Lualaba. Walivaa kanzu, walisema Kiswahili, wengi walisilimu, na wengi walibeba bunduki za tajiri. Waarabu wenyewe, wale waliotoka Unguja na Oman, walikuwa wachache sana katika nchi hii. Jeshi lao lilikuwa la watu waliozaliwa huku bara. Kwa hiyo Wabelgiji walipoandika neno "Waarabu" katika ripoti zao, mara nyingi walikuwa wanaandika juu ya babu zetu.

Upande wa pili ni vilevile. Dhanis aliingia Nyangwe tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huo. Kabambare ilianguka Januari 1894. Wazungu waliokuwa naye walikuwa wachache kabisa. Waliomfuata walikuwa askari weusi wa Leta na maelfu ya watu wa Ngongo Lutete. Na Ngongo Lutete huyo mpaka 1892 alikuwa mtu wa Waarabu, akiwakusanyia pembe na watumwa! Aligeuka, akapigana pamoja na Wabelgiji, wakashinda. Kisha Wabelgiji wale wale wakampiga masasi kule Ngandu, Septemba 1893. Miaka miwili haijaisha, askari waliokuwa wake wakaasi Luluabourg.

Ukijua hayo, sanamu ya Samuel inaanza kuyumba. Yule Mkusu anamkinga mwanamke juu ya nani? Kwa sehemu kubwa, juu ya kaka yake aliyevaa kanzu. Na kesho yake angeweza kuvaa kanzu yeye mwenyewe. Fundi yule alichukua mtu mmoja, akamkata vipande viwili, kipande kimoja akakiita shujaa, kingine akakiita Mwarabu. Kwa ufundi wa mikono sina la kumlaumu. Ninachomlaumu ni kwamba alitoa vita ya wenyewe kwa wenyewe, akaweka mahali pake vita ya mwema na mgeni.

Wengine watakataa neno hilo, "wenyewe kwa wenyewe". Watasema vita ile ilikuwa ya ukoloni, matajiri wawili wa nje, Leopold na wafanyabiashara wa Unguja, walipigania pembe za kwetu. Ni kweli. Lakini mikono iliyopiga ilikuwa ya nani? Msomeni Tippu Tip mwenyewe, ambaye maisha yake yaliandikwa kwa Kiswahili na kuchapishwa na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Anasimulia bila haya jinsi alivyopata utawala wa Utetela: alimwambia sultani mzee Kasongo Rushie kwamba bibi yake yeye Tippu Tip alikuwa dada wa sultani, aliyechukuliwa zamani vitani. Mzee akaamini, akampa nchi. Hapo hakuna bunduki hata moja, kuna hadithi ya ukoo tu na watu wa kwetu walioipokea. Kitabu kile, pamoja na majivuno yake yote, kinatuonyesha vizuri kuliko sanamu ya Tervuren kwamba mgeni hakuingia kwa kuvunja mlango. Kuna waliomfungulia.

Turudi nyuma kidogo, maana sanamu ya 1897 haikuwa ya kwanza. Picha ya vita ya kwetu iliyosambaa zaidi Ulaya ni ile ya soko la Nyangwe. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa Dugumbe walifyatua bunduki katikati ya soko lililojaa wanawake. Wengine waliuawa pale pale, wengine walijitupa ndani ya Lualaba na kuzama. Livingstone alikuwapo. Waarabu walimwambia hesabu kati ya watu 330 na 400. Maandishi yake yalichapishwa London mwaka 1874, baada ya kifo chake, na ndani yake mkawekwa mchoro wa mauaji hayo: wanawake, mitumbwi, moshi, maji. Aliyechora hakuona Nyangwe. Alichora maneno ya mtu mwingine.

Na maneno yenyewe je? Livingstone alikuwa ameishiwa karatasi, akaandika juu ya gazeti la zamani kwa wino wa matunda ya porini. Wino ule ulififia mpaka haukusomeka tena. Mwaka 2011 wataalamu waliupiga picha kwa mianga ya namna mbalimbali, maandishi yakatokea. Kumbe yale ya siku ile hayalingani kabisa na yale yaliyotoka kitabuni. Katika karatasi ya kwanza kuna mashaka juu ya watumwa wa Wabaniani, yaani watu wa msafara wake mwenyewe, kwamba huenda nao walishiriki katika umwagaji damu wa siku zile. Kitabuni mashaka hayo hayaonekani hivyo. Kati ya karatasi na kitabu mambo yalisafishwa, na mchoraji alipokea yaliyokwisha kusafishwa.

Nakaa sana juu ya jambo hili kwa sababu linaonyesha jinsi kazi ya sanaa ya kihistoria inavyotengenezwa. Watu wengi wanafikiri uongo unaingia mchoraji anaposhika burashi. Mara nyingi umeingia zamani, pale msimulizi anapochagua kumtoa mtu wake mwenyewe kwenye picha. Mchoro wa 1874 unahuzunisha, na ulitoka wakati soko la watumwa la Unguja lilikuwa limekwisha kufungwa, mwaka 1873. Lakini anayeutazama anaona wauaji wa upande mmoja tu, tena wageni. Wenyeji wamebaki kuwa watu wa kukimbia na kuzama.

Juu ya mnara wa Blankenberge, pwani ya Ubelgiji, sina maneno mengi. Ni kazi ya Guillaume Charlier ya mwaka 1900, ya kuwakumbuka Lippens na De Bruyne, wale Wabelgiji wawili waliouawa Kasongo mwishoni mwa 1892. Ubelgiji iliwakumbuka wanawe, na hiyo ni haki yake. Waitalia nao wamefanya hivyo kule Pisa kwa ndege zao na watu wao 13 waliouawa Kindu Novemba 1961. Ninachokitaja ni kwamba mtu akitaka kusoma juu ya jiwe majina ya waliokufa vitani Maniema, inambidi apande ndege.

Sasa tuje kwa mchoraji wa Kikongo. Katika wote waliochora historia ya nchi hii, kwangu wa kwanza ni Tshibumba Kanda Matulu. Alizaliwa 1947, akafanya kazi Katanga, wakati ule ikiitwa Shaba. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, akiuza tablo zake nyumba kwa nyumba kwa watu wenye mshahara mdogo. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia yote ya Zaire, tablo zaidi ya mia moja, na kuzieleza kwa Kiswahili cha Shaba mbele ya kinasa sauti cha mwalimu Johannes Fabian. Tablo hizo sasa ziko Amsterdam, na kitabu chao kilitoka 1996. Tshibumba mwenyewe alipotea tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Hakuna aliyejua tena aliko.

Nini kilimfanya awe mkubwa? Si mkono wake. Watu wake wamekakamaa, na nyumba zake zinafanana. Ukubwa wake ni kwamba alijiita mwanahistoria na akakubali mzigo wa jina hilo. Tablo yake ina mahali, ina tarehe, ina watu wenye majina. Alichora Lumumba, Tshombe, Kalonji, vita ya Katanga na ya askari wa Umoja wa Mataifa, na huku akikaa mtaa mmoja na watu waliopigana vita ile, kila upande. Tena ilikuwa enzi ya Mobutu, ambapo maneno yasiyopangwa yalimpeleka mtu pabaya. Alipoulizwa na Fabian kwa nini amechora hivi, alibishana, alieleza, wakati mwingine alisema hapa nimeweka fikira yangu. Ni wachache wanaosema hivyo hata katika vyuo vikuu.

Hata hivyo mtu wa Kasongo akizitazama tablo za kule Katanga kuna jambo linamkwaruza. Wachoraji wa Shaba walikuwa na aina ya tablo iliyouzwa sana, watu wakaitundika sebuleni: ya Waarabu. Kila mmoja wetu anaweza kuiona hata kwa macho yaliyofungwa. Ni mstari wa watumwa waliofungwa, na mbele yao au nyuma yao mwanaume wa kanzu na kilemba. Ilikuwa jirani ya aina nyingine iliyopendwa, ile ya "Colonie Belge", yenye mfungwa anayepigwa kiboko mbele ya Mzungu. Wanunuzi walisema tablo hizo zinawakumbusha mateso. Sawa. Lakini kwa mtu wa Lubumbashi mwenye kanzu ni mgeni wa zamani aliyepita na kwenda. Kwa mtu wa Kasongo mwenye kanzu anaitwa Ramazani, anakaa nyumba ya tatu, na Ijumaa anapita hapa akienda msikitini. Tablo ile ile ikitundikwa Kasongo inaacha kuwa historia. Inakuwa kidole kinachomwelekea jirani.

Nami nauliza: ni nani alishika kamba? Wengi waliofungwa mstarini waliletwa kambini na machifu wa kwetu waliopigana wao kwa wao, au na vijana waliotekwa wakiwa watoto, wakakua na bunduki. Ngongo Lutete mwenyewe alianza hivyo. Mchoraji wa Maniema akichora mtu wa kanzu ameshika kamba, na asichore aliyeileta kamba hiyo, amefuata tu njia ya Samuel, ingawa burashi sasa iko katika mkono mweusi.

Njia nyingine ni ya Freddy Tsimba, mchongaji wa Kinshasa aliyezaliwa 1967. Yeye anaokota maganda ya masasi yaliyotumika vitani, anayaunganisha kwa moto, anafanya miili ya watu. Mara nyingi ni wanawake wenye mimba, na mara nyingi miili haina vichwa. Sanamu yake moja ya mama iliwekwa Chaillot, Paris, mwaka 2018, kwa miaka 70 ya Tangazo la Haki za Binadamu. Napenda jambo moja kwake: sanamu yake imefanywa kwa kitu chenyewe kilichoua. Hakuna mwalimu anayehitaji kueleza. Lakini mwili usio na kichwa hauna jina, hauna kabila, hauna kosa. Wote ni wafu, wote ni mama. Kwa Paris hiyo inatosha. Kwa Kabambare haitoshi, sababu sisi tunajua masasi yale yalitoka bunduki ya nani na yaliingia nyumba gani.

Naandika haya yote juu ya kizazi chetu, ambacho nacho kina vita zake za kuchora. Ya kwanza ni ya 1964, ile wazee wanaiita tu "Mulele". Simba waliingia Kindu Julai mwaka ule. Walikuwa watoto wa nchi hii, wakaua makarani, walimu na watu wa siasa wa nchi hii hii, kwa kuwaita PNP. Novemba jeshi la Leta na mamluki waliporudi, waliua nao. Kabambare ilibaki karibu na moto miaka mingi, kwa kuwa maquis ya PRP ya Laurent-Désiré Kabila ilikuwa milimani upande wa Fizi. Ya pili ni ya 1998 mpaka 2003: RCD na askari wa Rwanda katika miji na barabara kubwa, Mai-Mai porini, na raia katikati, bila chumvi, bila sabuni, bila nguo. Na hata baada ya 2003 bunduki hazikunyamaza zote kule Kabambare.

Kwa vita ya pili mchoraji ana kishawishi kile kile cha 1897. Ni rahisi sana kuchora askari wa Rwanda kama adui na Mai-Mai kama Mkusu wa Samuel, anayemkinga mama. Uvamizi ulikuwapo, na asiuchore nani? Lakini katika RCD walikuwamo watoto wetu, na Mai-Mai walikuwa watoto wetu, na mama yule aliibiwa mbuzi na wote wawili. Kama ningeulizwa, ningemwambia kijana mwenye burashi achore baryeri. Baryeri moja tu, ya mti uliolazwa barabarani kati ya Kasongo na Kabambare. Upande mmoja kijana mwenye uniforme, upande mwingine, katika majani, kijana mwenye hirizi na maji ya dawa. Katikati mama mwenye kinga, amefunga kidumu cha mafuta ya mawese anachokwenda kubadilisha na chumvi. Anawajua wote wawili kwa majina ya shuleni. Mtazamaji aone kwamba anawajua. Hilo ni gumu kuchora kuliko moshi na damu, na ndipo tutajua kama kijana ni fundi.

Wazee watasema: mwanangu, mambo hayo tuyaache, kidonda kikikauka usikikwaruze. Siwacheki. Kisangani mwaka 1964 mnara uliowekwa kwa heshima ya Lumumba ulifanywa mahali pa kuulia watu, mbele ya picha yake. Kazi ya ukumbusho ikiwekwa mikononi mwa upande mmoja inaweza kuua, na hilo si neno la mdomo tu. Kwa hiyo hapa naachana na Tshibumba, ingawa namheshimu. Yeye alitaja kila mtu. Kwetu, ambako muuaji na mjane wanachota maji kisima kimoja na hakuna korti iliyomaliza kazi yake, jina la muuaji lisiandikwe kwenye kitambaa. Tablo haina wakili wala haina rufaa. Kinachoandikwa ni tendo, mahali, mwaka, na mavazi ya kila upande bila kuficha hata moja. Majina ya waliokufa yaandikwe, lakini baada ya kuuliza jamaa zao. Jamaa wakikataa, nafasi ya jina hilo ibaki tupu, isijazwe na la mtu mwingine.

Pa kuitundika pia pana shida. Isiwe ofisi ya chifu, maana machifu wana upande wao katika mambo haya, tangu Kasongo Rushie. Isiwe nyumba ya chama cha siasa. Shule ingefaa, au Tongoni, kwenye mahame ya mji wa zamani ambako watu wa dini zote wanafika bila kuulizwa wanatoka nyumba gani.

Na maandishi ya chini yawe Kiswahili. Tshibumba aliandika Kifaransa juu ya tablo zake, halafu akazieleza kwa Kiswahili kwa sababu alikuwapo mtu wa kumrekodi. Sisi hatuna Fabian wa kuja na mashine yake. Basi maelezo yapigwe pale pale kwenye kitambaa, kwa rangi nyeusi na herufi kubwa, mama mwenye kinga ayasome akiwa bado amesimama barabarani.